Mzuka Hana Mgongo

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei, na nimechoka kuisikiliza ikiita mpaka inakata yenyewe. Huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti lakini ulimi wake mzima kabisa. Jana amemfukuza msoma mita akidhani ni tapeli. Kila jioni ananiuliza kama wewe unakula. Namjibu unakula, ingawa sijui.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mchapishaji anataka kuvitoa upya vitabu vyote vya Mzuka. Huna haja ya kuelezwa: maneno yangu, picha za kaka yangu, yaani mume wako. Watoto waliolala na kitabu cha kwanza chini ya mto sasa wana watoto wao, na hao nao wanamtaka Mzuka wetu aliyejifunika shuka, asiyetisha mtu, pamoja na Punda, Mbuzi, na yule Bata Bukini anayeogopa giza kuliko wote. Sasa mhariri anasema kaka alimdokezea kwamba anachora kitabu cha mwisho. Picha zipo, maneno hayapo. Mimi dada yake nimelisikia hilo kwa mhariri, kama nilivyosikia mengine yote kwa watu.

Naomba uzitume. Zifunge katikati ya makaratasi magumu, zisikunjwe. Maneno nitaandika mimi kama siku zote.

Ni mimi, wifi yako


26 Februari

Wifi,

Barua imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu huu ni msimu wa sare za shule, na watoto wa mtaa huu wote wameamua kurefuka kwa pamoja. Cherehani haipoi. Mimi mzima. Mwambie mama nakula.

Picha sikupi.

Ziko kumi na mbili, zimelala juu ya kabati la vitambaa, na hazijakunjwa. Maisha yangu yote nimeishi na vitu vya kukunjwa na visivyokunjwa, sihitaji kufundishwa. Halafu hilo neno lako "naomba", limekaa mwanzoni mwa sentensi kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi mmoja. Ukiligusa linadondoka.

Mume wangu alipokufa nilikupigia. Ulikata simu. Hukuja siku ile, hukuja wiki ile, wala mwezi ule. Watu walikaa sebuleni kwangu wakiniuliza dada wa marehemu yuko wapi, nami nikawa natazama sakafu. Leo ndiyo umekumbuka njia ya kuja kwangu, tena hujaja mwenyewe, umetuma bahasha. Na hujaja kwa ajili yake wala yangu. Umefuata karatasi.

Nisalimie mama. Wewe sijui nikusalimie vipi.

Mke wa kaka yako


15 Machi

Wifi,

Mama hajambo, na salamu zako amezipata. Amesema una mwandiko mzuri. Nimemwachia tu afurahie mwandiko, sikumsomea yaliyoandikwa.

Unauliza kwa nini sikuja. Nije wapi? Ulinipigia kaka yangu akiwa ameshafukiwa. Ulisema barabara imekatika kwa mvua, ulisema haikuwezekana kusubiri, ukasema na mengine ambayo sikuyasikia kwa sababu masikio yalikuwa yameziba. Halafu nikaja kujua kwa mhariri, kwa mhariri tena, kwamba aliumwa tangu mwanzo wa mwaka jana. Mtu mwenye damu moja nami amelala kitandani mwezi baada ya mwezi, na wewe uko kando yake na simu mkononi, hukupata hata dakika ya kuniambia, "Njoo umwone." Ulimfungia ndani kama kitambaa cha bei ghali. Nami kila nilipopiga, ukanijibu: yupo, amelala, ametoka kidogo, atakupigia.

Ametoka kidogo! Unadhani nimelisahau hilo?

Basi usinifundishe njia ya kuja kwako. Mhariri atakuja mwenyewe mwezi ujao. Kama kwangu umefunga mlango, mfungulie yeye. Kitabu si changu wala chako, ni cha watoto.

Mimi


20 Aprili

Wifi,

Mimi mzima, isipokuwa kidole kimoja kilichopitiwa na sindano. Kinapona.

Mjumbe wako amefika. Ni mtu mrefu, mwembamba, kama aliyekatwa kwenye kipande kilichobaki. Alipoingia dukani alikalia kigoda chenye pini zangu, akaruka, kisha yeye ndiye akaniomba msamaha. Nikaona huyu si mtu mbaya, amekosea tu watu wa kufanya nao kazi. Nikampa chai, nikaondoa sare juu ya meza ya kukatia, nikamshushia picha.

Alizitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Mama, ipi ndiyo ya kwanza? Nyuma hakuna namba."

"Hakuna," nikamwambia.

"Na hapa uani Mzuka anakwenda au anarudi? Maana miguu hana."

"Wala mgongo hana," nikasema. "Siku zote anatutazama sisi tunaosoma. Shuka ni ileile mbele na nyuma."

Basi nikampangia. Ya kwanza wamelala wote, Punda kajikunja kama paka na Mzuka kakaa kwenye kiti akiwalinda. Halafu wanakula mezani. Halafu anasimama. Halafu yuko uani kwenye mvua, Bata yuko dirishani ananyoosha bawa kumpungia. Ya mwisho kabisa, mlango umefungwa na Mzuka yuko nje. Kwaheri. Yule bwana akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Nimemruhusu apige picha kwa simu yake. Kitabu kitoke, sikatai tena. Ila kitoke kwa mpango huo niliompa. Ukiugeuza, hakuna kitabu.

Mke wa kaka yako


12 Mei

Wifi,

Tunaendelea vizuri. Mama amepata dawa mpya ya magoti na sasa ananifuata chumba hadi chumba akinieleza inavyofanya kazi.

Nimeziona picha. Nilizifungua kazini, mbele ya watu, na nikalazimika kwenda kusimama chooni mpaka uso ukae sawa. Sikwambii haya unihurumie. Nakwambia kwa sababu nataka ujue nilichokiona ambacho wewe huwezi kukiona.

Ile nyumba ni yetu. Ule mlango wa vipande viwili, cha juu na cha chini, baba aliutengeneza kwa mkono wake. Dirisha lile la chini kiasi cha bata kuchungulia ni la chumba tulicholala mimi na kaka. Leo pale wanauza matairi, lakini kaka ameirudisha nyumba nzima, mpaka ngazi iliyovunjika pembeni. Wewe hujawahi kukanyaga pale. Tuliiuza kabla hajakuoa.

Kwa hiyo mpango wako umekosea. Mtu hachori nyumba ya utotoni mwake ili atoke ndani yake. Anaichora ili arudi. Picha ya mlango uliofungwa ni ya kwanza. Bata hapungi, anaita. Mwisho wanakula, wanalala, na Mzuka yuko kwenye kiti chake. Nimeshaandika maneno, haya hapa ya mwanzo:

"Hodi," akasema Mzuka.
"Nani?" akauliza Bata, magoti yakigongana.
"Ni mimi. Nimerudi nyumbani."

Huyo ndiye Mzuka ambaye watoto wanamjua. Wewe unataka kila mtoto wa miaka minne alie nawe kwa sababu umefiwa. Tafuta leso, wifi, usitafute kitabu.

Mimi


30 Juni

Wifi,

Hujajibu. Badala yake mhariri ameniambia umempigia ukamkataza kuendelea. Yeye unampigia, mimi hunipigii. Ameniuliza kama kuna ugomvi kwenye familia. Nimemwambia hapana, hatuna ugomvi, tunachukiana tu.

Mama ameanza kuniuliza kwa nini nikiandika nakunja uso.

Nakuuliza swali moja, na jibu moja linanitosha. Wewe ulikuwa naye. Alianza na picha ipi?

Mimi


18 Julai

Wifi,

Mimi mzima. Msimu wa sare umekwisha, nashona mapazia ya hoteli, marefu, hayana mwisho. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kufikiri. Sasa umeniuliza, nakujibu, na ukishasoma usije ukasema nilikuwa mkali. Wewe ndiye uliyetaka.

Kwanza habari ya ugonjwa. Sikukuambia kwa sababu alinikataza. Alisema, "Ukimwambia dada, umemwambia mama. Dada hajawahi kumficha mama kitu, hata bei ya vitunguu." Hakutaka mama amwone alivyokuwa amekonda. Akaniapisha. Kila ulipopiga, alikuwa palepale, ananitazama, anasubiri nikudanganye. Ile "ametoka kidogo" aliisema yeye kwa midomo bila sauti, mimi nikairudia. Baada ya hapo aligeukia ukutani.

Siku ile ulipokata simu ningeweza kukupigia tena nikakuambia maneno matatu, yeye ndiye aliyenikataza, na ungenyamaza mpaka leo. Sikuyasema. Nilimwahidi mpaka mwisho, na kwangu mimi mwisho ulikuwa haujafika. Nikaona heri unichukie mimi ambaye ulikuwa hunipendi tangu zamani, kuliko umkasirikie marehemu.

Sasa picha. Alianza na mlango.

Umefurahi? Umeshinda. Nilikuwa nimemshikia ubao juu ya magoti kwa sababu mikono ilikuwa haina nguvu. Akachora mlango umefungwa, na Mzuka nje. Nikamuuliza, "Huo mlango wa nani?" Akasema, "Wa kwetu."

Wifi, miaka yote ya ndoa nilimsikia akisema "kwetu". Twende kwetu. Kwetu kumejaa vitambaa. Njooni kwetu mnywe chai. Nilidhani ni hapa! Nilimpikia hapa, nilimfulia hapa, nilimwosha hapa aliposhindwa kujiosha. Na alipobakiwa na nguvu ya kuchora nyumba moja tu duniani, akachora yenu. Nyumba yenye mlango nisioujua. Kila siku nilimshikia ubao akaingia humo, hatua moja, nyingine, akaketi mezani na punda wenu na bata wenu, akashiba, akalala. Mimi nikabaki nimeshika ubao.

Hatukupata mtoto, unajua. Hivyo vitabu hakuna niliyemsomea. Sina kumbukumbu ya Mzuka isipokuwa hiyo.

Alipokufa nikazigeuza. Nilisema moyoni, kama hawezi kubaki kwangu, basi na kwenu atoke. Ndiyo, nilizigeuza, na ungeniacha ningechapisha hivyohivyo nikalala usingizi mzuri.

Picha zenyewe hizi hapa, zote kumi na mbili, nimezifunga kati ya makaratasi magumu. Nyuma nimetia namba kwa chaki ya fundi, kwa mpango wake yeye. Andika maneno unayotaka. Usinijibu.

Mke wake


25 Agosti

Wifi,

Umesema nisikujibu. Lini nimewahi kukusikiliza?

Mama nimemwambia. Umeshasema mwenyewe kwamba siwezi kumficha kitu, basi sikuona sababu ya kukuthibitishia kinyume. Nilimwambia kwamba kaka aliumwa muda mrefu na kwamba ni yeye aliyekataza tusiambiwe. Mama hakulia. Akasema, "Nilijua. Siku ya mwisho aliponipigia alikuwa anavuta pumzi katikati ya neno." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtoto wake alitaka asijue, naye akamwachia alichotaka. Nikakaa pale nikitazamana na mwanamke aliyefanya kilekile ulichofanya wewe, na yeye siwezi kumchukia. Nimekasirika mpaka leo. Wewe nawe kwa nini ulikubali kusema uongo? Ungekataa. Ungempa simu. Mimi ningekataa. Nadhani ningekataa.

Picha zimefika salama, hazina hata kona iliyopinda.

Sasa nikueleze nilichofanya, ili ucheke, kama bado unajua kucheka. Baada ya kusoma barua yako nilichukua kioo cha kukuzia cha mama nikakaa na zile picha nizikague moja moja. Nilikuwa nakutafuta wewe. Nilitaka nikuandikie, "Umo, tazama pale," nione utafanyaje, au nikuandikie kwa furaha kwamba haumo kabisa. Haumo. Hakuna uzi, hakuna cherehani, hakuna kitambaa unachoweza kukiita chako. Nikafurahi kidogo, sikufichi.

Kisha nikajitafuta mimi.

Kile chumba tulilala wawili. Vitanda viwili, changu karibu na dirisha. Kaka amechora kitanda kimoja. Mezani kuna viti vinne: cha Punda, cha Mbuzi, cha Bata na cha Mzuka. Nimetazama chini ya meza. Nimetazama nyuma ya pazia. Nimetazama hata ndani ya birika, wifi, na miaka yangu hii. Sipo. Baba hayupo, mama hayupo. Kuna wanyama, basi.

Miezi sita tumekuwa tukitoana roho kwa ajili ya nyumba ambamo hakuna hata mmoja wetu aliyealikwa.

Nilikasirika kuliko nilivyokukasirikia wewe. Nilisema mbele ya picha, kwa sauti, "Mchoyo mkubwa." Mama akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia na mwanao. Akasema, "Mwambie afunge mlango, kuna baridi."

Nikachukua kalamu nirekebishe maneno. Hayakukaa. Kila nilipoandika "nyumbani", mkono ulitaka kuongeza "kwetu". Nikilifuta hilo "kwetu", sentensi inakufa. Basi nimeyatoa yote. Nimemwambia mhariri kitabu kitoke bila maneno, kwa mpango wa chaki yako. Kalalamika kwamba wazazi watakosa cha kusoma. Nimemwambia watasema wenyewe, wana midomo.

Jina la mwandishi halitakuwepo, maana sijaandika. Lako limewekwa mwishoni, kwa herufi ndogo, kwamba ulishika ubao. Mhariri alitaka neno zuri zaidi, "msaidizi", sijui "mwandani". Nimekataa. Ulishika ubao, ndicho ulichofanya.

Usidhani nimekusamehe ile "ametoka kidogo".

Mimi


9 Novemba

Wifi,

Salamu kwa mama, magoti na vyote. Mimi mzima. Mapazia ya hoteli nimeyamaliza, wakasema marefu mno, nimeyafupisha, sasa wanasema mafupi. Si ukoo wenu peke yake unaojua kumchosha mtu.

Vitabu vimefika, mhariri amenitumia boksi zima. Nimeliona jina langu. Nililitazama, nikafunga, nikaenda kukata kitambaa, nikarudi nikalitazama tena. Sina la kusema juu ya hilo, na kama unangoja asante utangoja.

Lakini kuna jambo limetokea, na hakuna mtu mwingine wa kumweleza, ndiyo maana unapata barua hii.

Jana alikuja mama mmoja na binti yake mdogo kumpima gauni. Mtoto alikuwa hataki kupimwa. Kashika mikono nyuma, kabana mdomo, kila nikileta futi anarudi hatua. Mama yake akachoka, akatoka nje kupokea simu. Tukabaki wawili tunatazamana. Kitabu kilikuwa kwenye meza ya kukatia. Sikufikiri, nikakifungua nikamwonyesha ule mlango.

Akasogea. Akaniambia, "Soma."

Nikamwambia hakina maneno.

"Basi sema," akasema, kama unavyosema wewe, kwa amri.

Nikaanza. Sijui hata nilisema nini. Nilisema huyu yuko nje, mvua inamnyeshea, na huyu bata ana woga lakini ndiye wa kwanza kumwona. Mtoto akamcheka Bata. Akataka kujua Punda anakula nini, nikamwambia sare za shule, akacheka mpaka akakaa chini. Tulikwenda hivyo, picha kwa picha, mikono imeshamtoka nyuma, nami nimeshampima bega na kifua bila yeye kuona. Tukafika pale wote wamelala na yule mwingine amekaa kwenye kiti. Mtoto akaweka kidole juu ya shuka yake.

"Huyu anaitwa nani?"

Kwenye vitabu vyako vyote ni Mzuka tu, najua. Lakini hapo hapakuwa na maneno, hapakuwa na mtu wa kuniambia niseme nini. Tangu tumemzika nilikuwa sijatamka jina lake. Watu wakija husema marehemu, mimi nasema yeye, wewe unasema kaka. Mdomo ulikuwa umesahau lilivyokaa.

Nikamwambia jina lake.

Akalirudia mara mbili, mara ya pili akalipatia. Akaniuliza kama huyo mtu ananifahamu. Nikasema ananifahamu sana. Akaridhika, akafunga kitabu, akaninyooshea mkono nimpime.

Salamu zako sijaziweka mwanzoni, umeona. Zichukue hapa, kama unazitaka.

Wifi yako